Kabla hamjasema hajui biti

Leo sina stori za boom wala UE. Nina dukuduku na namna kwaya na vikundi vyetu vya hapa chuo vinavyorekodi. Ala zimeshaingizwa, anaitwa mwimbaji aweke sauti juu yake. Anaimba, mara anavuta, mara anawahi. Papo hapo anaambiwa "wewe hujui biti", anatolewa. Anaingia mwingine, naye vilevile! Jamani, wote hao hawajui kuimba?

Mimi nasema kabla ya kumhukumu mtu, tuangalie kwanza sauti yake inapita wapi kabla ya kumrudia masikioni.

Siku hizi wengi wanatumia mikisa ya dijitali iliyounganishwa na laptopu kwa waya wa USB. Sauti inatoka kwenye maiki, inaingia mikisa, inakwenda kwenye kompyuta, inapita kwenye programu ya kurekodi, halafu inarudi mikisa ndipo ifike kwenye hedifoni. Safari ndefu hiyo! Na kompyuta haipokei sauti kidogo kidogo, inaijaza kwanza kwenye kikapu kiitwacho bafa. Mkirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, na bafa ni ya sampuli 1,024, kikapu kimoja kinajaa kwa milisekunde 21 hivi. Kuna cha kuingilia na cha kutokea, kwa hiyo tayari ni zaidi ya 42. Hewani sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, maana yake ni kama unajisikia kupitia spika iliyo mita 14 kutoka uliposimama. Nani ataimba vizuri hapo?

Wajuzi watakwambia punguza bafa. Sawa, lakini laptopu zetu hizi ukiweka sampuli 64 zinaanza kukwaruza, na hapo ndipo michango ya kununua mashine mpya inapoanza kupitishwa. Sioni haja kabisa.

Dawa ni kwamba sauti ya mwimbaji isipitie kompyuta ili imfikie. Kwenye programu, ile traki inayorekodiwa izimwe isirudishe sauti ya maiki. Kompyuta irudishe ala tu. Kisha kwenye mikisa, kwenye njia ya oksi inayolisha hedifoni, changanyeni vitu viwili: chaneli ya maiki moja kwa moja, na ala zinazotoka kwenye kompyuta. Mikisa yenyewe inachelewesha milisekunde chache tu. Bafa iacheni kubwa, laptopu ipumue.

Mkiwasha zote mbili, mtu atajisikia mara mbili, kama anaimba kwenye tenki la maji. Ukisikia hivyo ujue ile traki haijazimwa.

Wengine wanabisha kwamba mwimbaji anataka kusikia riva, sauti kavu inamnyima raha. Kweli kabisa, ila mikisa nyingi za dijitali zina riva yake ndani. Ipelekeni kwenye hedifoni tu, kwenye kurekodi iende sauti kavu, mtaipamba baadaye.

Jambo la mwisho, programu nyingi husogeza sauti iliyorekodiwa ili ilingane na ala, lakini zinategemea kipimo zinachopewa na dereva ya kifaa. Msiamini tu. Tumeni mlio mmoja mfupi utoke kwenye kompyuta, uingie tena kwa waya, urekodiwe, muone kama umekaa palepale. Ukipishana, rekebisheni kwenye programu, siyo kwa mwimbaji.

Kumpima mtu kunataka haki. Kuna watu wameacha kuimba kwa sababu waliambiwa hawana biti, kumbe walikuwa wanafukuzana na sauti zao wenyewe. Rekebisheni njia kwanza, akikosea tena ndiyo mseme.

Haya wadau, tuonane lekcha.