Mapanki, Basi la Mandera na Tuzo za Oscar



Kila mwaka, zinapotangazwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo za Oscar huko Marekani, huzuka mjadala juu ya ipi inastahili ushindi. Sisi wa Tukuyu, tuliozoea kutazama filamu katika mabanda ya video na siku hizi katika simu, tunayo haki ya kutoa maoni yetu, hasa pale filamu hizo zinapotuhusu. Juma hili tutafakari mbili.

Ya kwanza ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper wa Austria, iliyotoka mwaka 2004 na kuteuliwa mwaka 2006. Ilipigwa Mwanza. Watanzania wengi waliiita filamu ya mapanki, kwa kuwa ilionyesha minofu ya sangara ikipelekwa Ulaya kwa ndege, huku vichwa na mifupa vikibaki kuwa kitoweo cha maskini. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani. Tuzo ilichukuliwa na filamu ya pengwini.

Maoni yetu ni haya. Mapanki yalikuwepo, na kioo hakivunjwi kwa sababu kimeonyesha kovu. Lakini kuhusu silaha zinazodaiwa kuletwa na ndege hizo, filamu inaegemea maneno ya watu. Hatuonyeshwi shehena hata moja, na shtaka zito lahitaji ushahidi mzito. Zaidi ya hayo, karibu kila Mwafrika aliyemo ni mtu wa kutendewa tu: ananyimwa, anaugua, analala barabarani. Kuna dada mmoja anayeimba kuisifu nchi yetu, na baadaye tunaelezwa kwamba ameuawa. Katika dakika zile chache za wimbo wake tulikutana na mtu kamili. Laiti filamu nzima ingetazama hivyo.

Ya pili ni Watu Wote, ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani alipokuwa mwanafunzi mjini Hamburg. Ina dakika 22 tu, na iliteuliwa mwaka 2018 katika kundi la filamu fupi. Msingi wake ni tukio la kweli la tarehe 21 Desemba 2015, ambapo magaidi wa al-Shabaab walilishambulia basi lililokuwa likielekea Mandera, Kenya, wakataka abiria Wakristo watengwe. Abiria Waislamu waliwasitiri kwa hijabu na kukataa kutengana nao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Nayo haikushinda.

Waongozaji wote wawili ni Wazungu. Basi tusiseme kwamba kosa ni ugeni wa aliyeshika kamera. Tofauti ni kwamba ndani ya basi lile Mwafrika ana dhamiri, anaamua, na uamuzi wake una gharama. Hofu ipo, umaskini upo, damu ipo, lakini havimmalizi mtu. Ndiyo maana, kama kura ingekuwa yetu, tungeipa Watu Wote.

Hapa Rungwe, ambako Wamoraviani waliweka kituo chao mwaka 1891, tunaishi kwa kuchanganyika: Mkatoliki, Mmoraviani, Mlutheri na Mwislamu hukutana msibani, sokoni na katika mashamba ya chai. Ni rahisi kuwa majirani siku za amani. Filamu ile fupi inatuuliza swali ambalo mahubiri marefu huweza kulikwepa: tungeamriwa kutengana, nani kati yetu angebaki kando ya mwenzake?

Chai tunayochuma hupangiwa bei mbali nasi. Hadithi zetu zisipangiwe thamani mbali vivyo hivyo. Kabla ya kuuliza kama filamu imeshinda, tuulize kwanza: waliomo ndani yake wameachiwa utu wao?