Mume Amepotea Baharini: Je, Mkewe Aweza Kuolewa Tena?

Barua iliyo mbele yangu juma hili imevuka bahari. Yatoka kisiwa cha Pemba, upande wa Wete, kwa mama mmoja Mkatoliki. Jina lake sitalitaja, wala kijiji chake, maana Wakatoliki wa Pemba ni wachache, na kila mmoja ajulikana na mwenzake. Nimeisoma mara tatu. Wengi wenu mmekwisha kuniuliza juu ya wajane na kuolewa tena, nami nimewajibu kwa kifupi. Lakini swali la mama huyu lapita hayo yote kwa ugumu, kwa sababu yeye mwenyewe hajui kama yu mjane au yu mke wa mtu.

Habari yake ni hii. Mumewe alikuwa mtu wa biashara ndogo ndogo, mwenye desturi ya kwenda Unguja kununua bidhaa na kurudi nazo Pemba. Usiku wa tarehe 9 Septemba mwaka 2011 alipanda meli iitwayo Spice Islander. Nadhani hakuna kati yenu asiyekumbuka. Meli ile iliondoka Unguja kwenda Pemba imejaa watu kupita kiasi, wengi wao wakirudi makwao baada ya sikukuu ya Idi, na usiku huo huo, kuamkia tarehe 10, ikazama katika mkondo karibu na Nungwi. Waliookolewa walikuwa zaidi ya 600. Maiti zilizopatikana zilikuwa 200 na kidogo. Tume iliyochunguza msiba huo ikaona baadaye kwamba waliopotea wasionekane kabisa walizidi elfu moja. Mume wa mama huyu ni mmoja wa hao.

Basi hakuna kaburi. Hakuna hata shati lililorudi. Mama alikwenda pwani pamoja na wengine, akangoja siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila maiti ikiletwa akienda kutazama uso, na kila mara akirudi nyuma asijue kama ashukuru au alie. Mtoto wao alikuwa na miaka mitatu. Sasa ni kijana wa kuvuka barabara peke yake na kujibizana na wakubwa. Mikarafuu michache aliyoipanda baba yake mwaka ule sasa yazaa, naye kijana ndiye aipandaye kuichuma.

Nyumbani humo yumo pia mavyaa wake, mama wa yule mume. Ukoo wao ulitoka bara zamani kuja kuchuma karafuu, ukabaki. Bibi huyu mpaka leo, kila sikukuu ya Noeli, humpakulia mwanawe chakula katika sahani yake na kukifunika. Zilikuwako habari siku zile, eti jahazi moja liliwaokota watu likawapeleka Mombasa. Wengine wakasema Ngazija. Hakuna aliyepata kuonekana. Lakini bibi ameishika habari hiyo, wala haiachii.

Nalo jambo lililomfanya mama huyu aandike ni hili. Yuko mgane mmoja, fundi wa kujenga, Mkatoliki naye, aliyefiwa na mkewe kwa ugonjwa akaachiwa watoto wawili. Walifahamiana msimu wa karafuu, jioni, watu wanapokaa kwenye majamvi kuchambua karafuu na kutenga makonyo, na mazungumzo hayana mwisho. Msimu ukapita, na fundi akaendelea kuja kusalimu, akatengeneza paa lililovuja, asitake ujira. Mwisho akasema nia yake, tena kwa adabu, mbele ya mzee mmoja wa jumuiya. Mama aandika kwamba siku ile alicheka peke yake jikoni kama msichana, halafu akaona haya, akalia. Auliza mambo mawili: Je, nina dhambi kwa kumpenda mtu huyu? Na je, naruhusiwa kuolewa naye?

La kwanza nalijibu upesi, maana ni jepesi. Mtu aliyefiwa na mwenzake akipenda tena hana dhambi, wala hamfanyii hiana marehemu. Ahadi ya ndoa yadumu mpaka kifo kiwatenganishe. Mtakatifu Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 7, awafundisha kwamba mke amefungwa muda mumewe anapoishi, lakini mume akifa yu huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Kwa Timoteo aandika kwamba ataka wajane vijana waolewe. Na Ruthu, bibi wa ukoo wa Daudi, hata wa ukoo wa Bwana wetu, alikuwa mjane aliyeolewa mara ya pili, tena mavyaa wake ndiye aliyemwonyesha njia! Kumbuka jambo hilo, mama, nitalirudia.

Ni kweli kwamba wazee wetu waliona ndoa ya pili kama kitu cha pembeni kidogo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilisema ndoa hiyo ni halali, lakini ikausifu ujane safi kuwa ni wa heshima zaidi, na mwanamke aliyekwisha kupewa baraka kuu ya arusi mara moja hakupewa tena katika ndoa ya pili. Mimi namkumbuka shangazi yangu aliyeolewa hivyo, alfajiri, bila ngoma, kana kwamba ameiba. Sheria ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Wajane huolewa mchana kweupe, na baraka zao kamili.

Sasa la pili, na hapa twende polepole.

Mjane huolewa kwa sababu kifo kimekata kifungo cha ndoa yake. Padri ataka kujua kifo hicho kwa yakini: hati ya kifo, au kitabu cha parokia, au watu waliomzika. Wewe, mama, huna hata kimoja. Na nisikufiche: miaka mingi ya kutoonekana, peke yake, haitoshi mbele ya Kanisa. Wako waume waliotoweka miaka ishirini, kumbe wako Dar es Salaam na mke mwingine! Ndiyo sababu ya ukali huo. Mimi sioni kwamba ni ukali usio na maana, ingawa najua wamchoma asiyestahili kuchomwa.

Lakini Kanisa halikukuacha bila mlango. Katika Sheria ya Kanisa kuna kanuni ya 1707, inayohusu mambo kama haya hasa. Kifo kisipoweza kuthibitishwa kwa hati, Askofu wa jimbo aweza kutangaza kwamba mume adhaniwa kuwa amekufa, na mke akawa huru kufunga ndoa. Askofu hutangaza hivyo baada ya uchunguzi, akiwa amepata hakika ya moyo kutokana na ushahidi wa watu, habari zilizoenea, na dalili nyingine. Jambo likiwa gumu au la kutatanisha, huomba shauri la Roma. Si jambo la jana. Tangu mwaka 1868 Roma ilikwisha kutoa maagizo marefu juu ya mambo ya kuulizwa mtu akipotea hivi.

Basi fanya hivi. Nenda kwa Padri wako, mwambie yote kama ulivyoniandikia. Yeye atayaandika na kuyapeleka kwa Askofu wa Zanzibar, maana Pemba na Unguja ni jimbo moja. Usiende mikono mitupu. Ni nani aliyemwona mumeo akipanda meli? Yuko aliyekaa karibu naye, akaokoka? Alipiga simu usiku ule, na aliyeipokea aweza kuja kusema alisikia nini? Jina lake lilipelekwa kwa sheha na kuandikwa kati ya waliopotea? Iko karatasi yoyote ya serikali? Tafuta watu hao wangali hai, maana kila mwaka upitao huondoa shahidi mmoja.

Tena utaulizwa maswali yatakayokuuma. Mumeo alikupenda? Mlikuwa na ugomvi? Alikuwa na madeni ya kumkimbiza? Alikuwa na mwanamke mahali pengine? Usikasirike, mama. Maswali hayo hayakuwekwa ili kukuaibisha. Mtu aliyeipenda nyumba yake, mwenye mtoto mdogo, asiye na deni, hawezi kukaa kimya miaka yote hii kama yu hai. Na upendo wake kwako ndio unaoshuhudia kwamba amekufa. Nilipofika hapo katika kufikiri barua yako, nilisimama kidogo nikatoka nje.

Meli iliyozama usiku, watu zaidi ya elfu wasionekane, na tangu siku ile neno lisisikike kutoka Mombasa wala Ngazija: mimi si Askofu, wala siwezi kukuahidi neno lake, lakini sioni kwamba jambo lako ni dhaifu.

Mpaka hati itoke, fundi akae kwake nawe ukae kwako. Najua watu watakaowaambia kwamba mmekwisha kuwa watu wazima, na tena mnangoja nini. Ngojeni. Na jambo moja jingine lazima ulisikie sasa kwangu kuliko kulisikia baadaye kwa mtu wa njiani: hati hiyo haiui mtu. Mumeo akionekana yu hai, ndoa yenu ya kwanza ndiyo iliyopo, na ya pili haikuwa ndoa. Ni jambo la mbali sana, lakini fundi naye ajue kabla ya kukubali. Mambo ya mali na urithi, kama mikarafuu ile, yana njia yake mahakamani, nayo hati ya Askofu haiyamalizi.

Nimeulizwa na msomaji mwingine juu ya majirani zetu Waislamu waliopotelewa na waume katika meli ile ile. Wao hupeleka mambo yao kwa Kadhi, nao wana sheria yao. Mama wa kwetu asichanganye njia hizo mbili. Na kama fundi angalikuwa Mwislamu, ingalihitajiwa ruhusa ya Askofu pia, ambayo bila hiyo ndoa si ndoa mbele ya Kanisa. Kwa kuwa ni Mkatoliki, tuyaache hayo.

Ninyi mlioko bara mtaniruhusu neno moja hapa, kwa kuwa vijijini kwetu bado wako ndugu wa marehemu wanaodhani mjane ni sehemu ya urithi, pamoja na ng'ombe na baiskeli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 68, inasema wazi kwamba mjane yu huru kukaa apendapo, kutoolewa tena, au kuolewa na mume amtakaye mwenyewe, hata kama mila yasema vingine. Ni sheria ya Bara, si ya Visiwani. Wasomeeni shemeji zenu.

Sasa mavyaa. Mama, wewe waona kwamba bibi ndiye ukuta. Mimi naona kwamba bibi anaogopa mambo mawili, na yote mawili yana haki. Aogopa kwamba siku utakapovaa nguo ya arusi ndipo mwanawe atakapokufa. Tena aogopa kubaki peke yake na ile sahani. Usimshindanishe na fundi. Kabla ya kwenda kwa Padri, kaa naye, umwombe yeye awe shahidi wa kwanza. Maana ni nani ajuaye kuliko yeye jinsi mwanawe alivyokuwa? Mpelekeni nia ya Misa kwa ajili ya roho yake, wewe na yeye pamoja. Kama akikataa neno "marehemu", msilibishanie. Padri ataombea, na Mungu ajua yuko wapi. Fundi akitaka kukuoa, aulizwe mapema: je, bibi atakuwa na chumba? Akisita, umepata jibu juu yake. Ruthu hakumwacha Naomi hata alipopata Boazi.

Kwa kijana wako, usimlazimishe kumwita fundi baba. Mwite yeye kwanza, umwambie wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na wenzake kisimani. Picha ya baba yake isiondoke ukutani. Watoto wawili wa fundi nao wana mama yao. Usijaribu kumpita, wapikie tu.

Na ninyi wagane! Nawaona mnavyosoma mkidhani hayawahusu. Mwanamke hungoja miaka, na mwanamume aliyefiwa husikika akitafuta mke kabla majani hayajaota kaburini, eti watoto hawana wa kuwapikia. Ukitaka mpishi, sema unataka mpishi. Fundi wa Pemba alitengeneza paa kwanza.

Mama, hii ndiyo shauri yangu. Anza na yule aliyepokea simu usiku ule, kama yuko. Ukisha kuonana na Padri, niandikie, unieleze alivyosema, na bibi alivyosema. Nitaiweka barua yako hapa mezani.