Akaunti ikifungwa, utamuuliza nani?



Nianze na kijana mmoja wa mtaani kwetu. Jina lake naliweka pembeni. Kazi yake ni kuchora nembo na mabango kwenye kompyuta, na wateja wake wengi wako ng'ambo. Wanamlipa kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali iliyofungwa kwa thamani ya dola, manake pesa za kupitia benki huchukua siku kadhaa na makato yake yanauma. Akipata USDT anaiuza kwa programu ya simu, shilingi zinaingia kwa simu yake, kodi inalipwa, dawa za sukari za mamake zinanunuliwa. Mwaka mzima mambo yalikwenda sawa.

Asubuhi moja akafungua ile programu akakuta ujumbe mfupi: akaunti yako inachunguzwa. Ndani kulikuwa na malipo ya miezi miwili. Akaandika barua pepe, akajibiwa na mashine. Akaandika tena, mashine ile ile ikamshukuru kwa uvumilivu wake. Hakuna namba ya kupiga, hakuna ofisi ya kwenda, hakuna binadamu wa kumuuliza "nimekosa nini?" Siku 41. Kisha akaunti ikafunguliwa kimya kimya, kama ilivyofungwa. Laptopu alikuwa ameshaiuza.

Kama kripto ni halali au haramu, hilo waulize masheikh, mimi si mtu wa fatwa. Na sikwambii ununue wala usinunue. Ninachotaka tuangalie pamoja ni hiki: vijana wetu wengi tayari wanalipwa, wanatuma na wanaweka akiba kwa sarafu hizi, na sasa kuna sheria. Je, sheria hiyo itamlinda nani, na kutokana na nani?

Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na sheria yoyote ya jambo hili. Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa onyo kwamba Bitcoin na sarafu kama hizo si pesa halali nchini na ukipoteza umepoteza. Mwaka 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 kwa mali za kidijitali, hata kabla ya sheria ya kumlinda mwenye mali. (Serikali yetu hiyo, mkono wa kukusanya hufika mapema.) Mwaka 2025 kodi hiyo ikaondolewa, mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 10 kwenye ada ambazo kampuni hizi hutoza wateja. Halafu, Oktoba 2025, Rais akatia saini sheria ya kwanza ya kusimamia kampuni za mali za kidijitali. Sasa kampuni lazima iwe na leseni, ama ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kulingana na huduma inayotoa. Lazima pesa za wateja zitengwe na pesa za kampuni. Lazima imjue mteja wake ni nani, na iripoti miamala inayotiliwa shaka.

Tusidanganyane, mengi ya hayo ni mazuri na yalichelewa. Nani kati yetu hajui mtu aliyeingizwa kwenye kundi la Telegram, akaonyeshwa faida inayopanda kila siku, akaweka ada ya chuo, kisha kundi likatoweka usiku mmoja? Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali yako, na kifungu cha 46 kinakulinda wewe mnunuzi wa huduma. Haki hizo zilikuwa zinaelea hewani kwa sababu hukuwa na wa kumshtaki. Kampuni yenye leseni na ofisi hapa nchini unaweza kuipeleka kortini.

Lakini sheria hii ina mzazi wa pili, na huyo tunamjua vizuri. Februari 2024, FATF, lile shirika la kimataifa la kupambana na pesa chafu na ufadhili wa ugaidi, liliiweka Kenya kwenye orodha ya kijivu. Moja ya mambo tuliyotakiwa kurekebisha ni usimamizi wa kripto. Kwa hiyo haraka ile ya kupitisha sheria haikutokana na uchungu wa kijana aliyeibiwa peke yake. Ilitokana pia na serikali kutaka kutoka kwenye orodha.

Na panapotajwa ufadhili wa ugaidi Kenya, wewe na mimi tunajua ni jina la nani husomwa kwanza.

Rudi Aprili 2015. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, ambalo liliua watu 148 na ambalo sisi sote tulililia, serikali ilichapisha orodha ya watu na mashirika 86 waliodaiwa kuhusishwa na ugaidi. Ndani yake yalikuwemo MUHURI na Haki Africa, mashirika ya kutetea haki za binadamu hapa Pwani. Akaunti zao zikafungwa. Wakati huo huo kampuni 13 za kutuma pesa, zile tunazoziita hawala, zikasimamishwa. Fikiria mama wa Eastleigh au Wajir anayesubiri pesa kutoka kwa mwanawe aliye ng'ambo. Hakushtakiwa kwa lolote, hakuhojiwa na mtu, ila njia ya chakula chake ilikatwa. Marufuku ya hawala iliondolewa baada ya wiki kadhaa. Yale mashirika mawili yalihangaika kortini hadi Novemba 2015, Mahakama Kuu ya Mombasa ilipoamuru akaunti zifunguliwe. Miezi saba! Wafanyakazi wana watoto, ofisi ina kodi, kesi za watu waliopotea zimelala kwenye makabati.

Hao walikuwa na mawakili. Yule kijana wetu wa nembo ana nani?

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu kripto. Watu hudhani ni pesa ya siri. Si kweli. Sarafu nyingi hizi huandikwa kwenye daftari moja la wazi ambalo yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma, na kilichoandikwa hakifutiki. Kinachokuficha ni kwamba daftari halina jina lako, lina anwani tu, msururu wa herufi na namba. Lakini siku kampuni inapochukua kitambulisho chako na picha ya uso wako na kuviambatanisha na anwani hiyo, pazia limefunguka. Anayeshika faili hilo anaweza kurudi nyuma mwaka, miaka mitano, aone kila uliyemlipa na kila aliyekulipa. Benki haijawahi kumpa mtu baki dirisha la namna hiyo.

Na usimsikilize anayekwambia kripto haigusiki. Kampuni inayotoa USDT ina uwezo wa kuzifungia sarafu zikiwa ndani ya pochi yako, na imeshafanya hivyo mara nyingi kwa ombi la vyombo vya usalama vya nchi mbalimbali.

Sasa weka mambo hayo mawili pamoja. Ramadhani uliopita ulituma sadaka, dola 20 tu, kwa mchango wa wakimbizi wa Sudan au wa Gaza uliouona mtandaoni. Miaka mitatu baadaye aliyekusanya mchango ule anaingizwa kwenye orodha fulani, kwa haki au kwa makosa. Anwani yako iko kwenye daftari, na haifutiki. Hapo swali la nani anaruhusiwa kulifungua lile faili, kwa idhini ya nani, na wewe utaambiwa lini, si swali la mafundi wa kompyuta. Ni kifungu cha 31 cha Katiba, haki ya faragha. Ni kifungu cha 47, haki ya kupewa sababu kwa maandishi mamlaka inapochukua hatua ya kukuumiza.

Kuna la kitambulisho pia. Bila kitambulisho hakuna akaunti halali. Wasomali, Wanubi na wengine wetu wanajua msasa ulivyokuwa: wazee kuitwa, cheti cha babu kutafutwa, miaka kupita. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo wa ziada umeondolewa. Alhamdulillah. Ila aliyepoteza miaka akisubiri kadi bado yuko nje ya mlango, na kila sheria mpya inayosema "leta kitambulisho" humsukuma hatua moja nyuma. Huyo ndiye atakayeangukia mikononi mwa dalali wa vichochoroni.

Lakini korti zetu zimeshaonyesha kwamba njia ipo. Mnakumbuka foleni za KICC mwaka 2023, watu wakichanganuliwa mboni za macho na Worldcoin kwa sarafu za thamani ya kama shilingi 7,000? Agosti mwaka huo serikali ikasimamisha. Mei 2025 Mahakama Kuu, kwenye kesi iliyopelekwa na Katiba Institute, ikaamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna wa Data. Mahakama ilisema idhini iliyopatikana kwa kumshawishi mtu kwa malipo haikuwa idhini halali. Nilikuwa na rafiki kwenye foleni ile. Nilimcheka siku hiyo, na leo naona aibu, manake hakuwa mjinga, alikuwa na njaa. Sheria ilipaswa kumlinda hata akiwa na njaa.

Kwa hiyo tunataka nini? Sheria imeshapita, lakini nyama yake iko kwenye kanuni, na kanuni hutungwa na wizara, mara nyingi tukiwa usingizini. Akaunti isimamishwe kwa muda unaojulikana, si mpaka mtu akumbuke. Ukiongezwa, uongezwe na hakimu. Sababu iandikwe, na kama kuna uchunguzi ambao hauwezi kuelezwa wote, angalau mtu aambiwe ofisi ya kukata rufaa. Na wakati akaunti imefungwa, mtu aachiwe pesa za chakula, kodi na dawa. Hili la mwisho usikubali kuambiwa ni ndoto. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lenyewe, kwa azimio nambari 1452 la mwaka 2002, liliruhusu hata waliowekewa vikwazo vya ugaidi waachiwe pesa za matumizi ya lazima. Kama aliye kwenye orodha ya dunia anaweza kununua dawa, kwa nini mamake kijana wetu akose?

Na wakikwambia FATF ndiyo inayolazimisha ukali, wajibu kwamba Novemba 2023 FATF hiyo hiyo ilibadilisha mwongozo wake kuhusu mashirika ya hisani, ikataka hatua zilenge hatari halisi na zisivuruge kazi halali. Asomaye nusu ya barua ana sababu zake.

Rasimu za kanuni zikitangazwa kwa maoni ya wananchi, tutaziweka hapa kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Wewe usingoje. Kama akaunti yako ya kripto imewahi kufungwa, piga picha ya skrini ya ule ujumbe, andika tarehe ya kufungwa na ya kufunguliwa, kiasi kilichokuwemo, na kila jibu ulilopewa. Usitutumie nywila wala namba za siri za pochi, na yeyote atakayekuomba hizo kwa jina letu ni mwizi. Tuma maelezo hayo tu. Kijana wa nembo ameshaleta yake, na tunataka yakienda mbele ya wizara yasiwe peke yake.