Baraza Lilinyamaza, Wakatazamana: Nomino za Makundi Baina ya Kiingereza na Kiswahili

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kenya amekutana na nomino za makundi katika sura ya orodha. Thurea ya nyota, genge la wezi, tita la kuni, shada la maua, bumba la nyuki: alizikariri katika shule ya msingi, akaulizwa kuzihusu katika mtihani wa KCPE hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na aghalabu akafika chuo kikuu akiamini kwamba mada hiyo imekwisha. Kiingereza nacho alifundishwa vivyo hivyo. Humo aliambiwa kwamba kunguru wakiwa wengi huitwa "murder", yaani mauaji, na simba huitwa "pride", yaani majivuno. Makala haya yanashikilia kwamba orodha hizi ndizo sehemu duni ya mada, na kwamba kuzing'ang'ania kumeficha swali zito zaidi, ambalo Kiingereza kimelikabili waziwazi ilhali walimu wengi wa Kiswahili hulimaliza kwa kalamu nyekundu.

Ni vyema kwanza asili ya orodha za Kiingereza ijulikane. Mengi ya maneno hayo ya ajabu yamo katika kitabu cha uwindaji kilichopigwa chapa mjini St Albans, Uingereza, mwaka 1486. Kilikusudiwa waungwana waliotaka kusema kiungwana wanapowinda kwa mwewe na mbwa. Wala orodha yake haikuishia kwa wanyama. Mahakimu walipewa neno la hukumu, wanazuoni wakapewa neno la mafundisho, na watawa wa kike wakapewa neno lenye maana ya kuzidi mno, kana kwamba walikuwa wengi kuliko haja. Ni dhahiri kwamba sehemu kubwa ya hayo ilikuwa mzaha. Mwingereza wa kawaida akiona kunguru ishirini shambani hatasema "murder" ila akitaka kuchekesha. Atasema tu kundi la kunguru.

Orodha za Kiswahili hazikuzaliwa kwa mzaha. Nyingi zimetoka sokoni, shambani na baharini. Korija ni vitu ishirini, doti ni vipande viwili vya kanga, na mkungu hugawika katika chane kabla ya kufikia ndizi moja moja. Haya ni maneno ya watu wanaohesabu mali yao. Lakini pindi yalipoingizwa katika orodha ya kukariri, baadhi yalipoteza ladha. Thurea ni mfano mzuri. Katika Kiarabu hili ni jina la kishada kimoja mahsusi cha nyota, kile ambacho Waswahili wamekiita Kilimia kwa kukihusisha na majira ya kulima. Mtahiniwa hakuambiwa hayo. Aliambiwa tu kwamba nyota, ziwe zozote, ni thurea, akapata alama yake akaenda zake.

Sasa tazama Kiingereza kinapofika kwenye kitenzi. Nomino kama "team", "family", "committee" na "government" zina umbo la umoja, lakini Mwingereza anaweza kuzipa kitenzi cha umoja au cha wingi. Akiiona kamati kama chombo kimoja, atatumia umoja. Akiwafikiria wanakamati wakibishana, atatumia wingi. Mtangazaji wa kandanda akitaja England kwa kitenzi cha wingi anasema habari za wachezaji. Akitumia umoja, huenda anasema habari za nchi. Mmarekani kwa kawaida hubaki na umoja. Hata hivyo, Mmarekani huyo huyo, akishasema kwamba kamati imekutana, hasiti kuendelea na kiwakilishi cha wingi anapowarejelea wanakamati katika sentensi inayofuata.

Hali hiyo si vurugu. Mwanaisimu Greville Corbett alieleza mwaka 1979 kwamba upatanisho una ngazi. Kivumishi kilicho ubavuni mwa nomino hushikamana na umbo lake. Kitenzi kina uhuru kiasi. Kirejeshi kinao zaidi. Na kiwakilishi kinachokuja baadaye ndicho huru kuliko vyote kufuata maana. Ndiyo maana Mwingereza hathubutu kuambatisha kionyeshi cha wingi kwa "committee", ijapokuwa kitenzi cha wingi kinampita bila shida.

Je, Kiswahili kiko mbali na hayo? Hakuna Mswahili asemaye "kamati hawa" wala "familia hawa." Ni "kamati hii" na "familia ile". Kitenzi cha kwanza nacho hufuata ngeli: kamati imekutana, jeshi limeingia, umati umetawanyika. Lakini hebu masimulizi yaendelee: "Familia ile ilihamia Nakuru, na sasa wana duka lao." "Baraza lilinyamaza, wakatazamana." Katika sentensi hii ya pili baraza ndilo lililonyamaza kama kitu kimoja, ila kutazamana kunahitaji macho, na macho ni ya watu. Kauli ya kutendana imemvuta msemaji kutoka ngeli ya LI-YA hadi A-WA. Mwalimu anayelazimisha "likatazamana" ana haki ya kulipendelea umbo hilo, kwani nalo lina upatanisho wake. Hana haki ya kumwadhibu mwanafunzi aliyesikia tofauti iliyoko baina ya chombo na watu waliomo.

Wapo watakaodai kwamba huo ni ugonjwa ulioletwa na Kiingereza, au na Sheng, ambayo siku hizi hubebeshwa kila lawama. Dai hili halina mashiko. Mzungumzaji wa Kiswahili husema "mama yangu amefika" na "rafiki zangu wamefika", na hakuna mtahini anayempinga. Katika sentensi hizo kimilikishi kimefuata umbo la nomino, kitenzi kimefuata uhai wa anayetajwa, na vyote viwili vimekaa katika sentensi moja kwa amani. Ngazi ileile inaonekana hapo: kilicho karibu hufuata umbo, kilicho mbali hufuata maana. Iwapo lugha imeruhusu hayo kwa mama na rafiki, itakuwaje iyakataze kwa baraza katika kitenzi cha pili?

Bila shaka mpaka upo. "Kundi la wanafunzi wamefika" bado ni sentensi inayogombaniwa, na yamkini anayeitamka amevutwa na neno "wanafunzi" lililo jirani ya kitenzi zaidi ya maana ya kundi lenyewe. Hiyo ni sababu tofauti, nayo haifai kuchanganywa na ile ya baraza. Mtahini anayeziwekea sentensi zote mbili mkwaju mmoja hajafundisha lolote kuhusu yoyote kati yazo.

Neno "polisi" nalo lingefaa kuwasumbua wanafunzi wa tafsiri. Katika Kiingereza daima huchukua kitenzi cha wingi, na mmoja wao huhitaji neno jingine. Katika Kiswahili polisi ni mtu: polisi mmoja amefika, polisi watatu wamefika. Anayetaka kutaja chombo hana budi kusema jeshi la polisi au idara ya polisi, na papo hapo kitenzi hubadilika. Mfasiri wa habari asiyelijua hili huandika "polisi wamekanusha" pahali ambapo aliyekanusha ni idara kupitia kwa msemaji wake. Msomaji hubaki akijiuliza ni polisi gani hao, na walikuwa wangapi.