Kifurushi kikirudi, nani alipe?

Kikorongo, barabara itokayo Kasese hugawanyika: moja huelekea Mbarara, nyingine Bwera hadi Mpondwe, mpakani na Kongo. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kifurushi cha posta baina ya nchi hizi bado ni cha kimataifa. Mpokeaji akikikataa, kanuni za Umoja wa Posta Duniani humruhusu mtumaji kurudishiwa kwa gharama yake. Akishakipokea na kukuta viatu havimtoshi, mpokeaji huanza upya: ada mpya, fomu mpya ya forodha. Nauli ikizidi bei ya viatu, hasara ni yake. Soko la Pamoja, lililoanza mwaka 2010, halijamfikia mnunuzi huyu. Wakuu wa posta na forodha wakubaliane kwanza kuhusu safari ya kurudi.