Idadi ya popo nayo ni habari ya soko

Wafanyabiashara wengi hufuatilia bei ya mahindi, thamani ya shilingi na gharama ya mafuta. Ni wachache wanaouliza ni popo wangapi walioruka jana jioni. Kwa maoni yetu, swali hilo linastahili nafasi katika ukurasa huu. Popo wanapopungua, hasara humfikia mkulima kabla haijaonekana katika bei.

Mfano ulio wazi unatoka Marekani. Mwaka 2006, katika pango moja la jimbo la New York, walionekana popo wenye ukungu mweupe puani. Ukungu huo huwaamsha popo wakiwa katika usingizi mrefu wa majira ya baridi, wakamaliza akiba ya mafuta mwilini na kufa. Ugonjwa ulienea ukaua mamilioni. Popo hao walikuwa wakila wadudu waharibifu mashambani kila usiku bila kudai ujira.

Mwaka 2024 mchumi Eyal Frank wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha utafiti wake katika jarida la Science. Alilinganisha wilaya zilizopatwa na ugonjwa huo na zile ambazo ulikuwa haujafika. Katika zilizopatwa, matumizi ya dawa za kuua wadudu yalipanda kwa takriban asilimia 31, mapato ya mazao yakashuka, na vifo vya watoto wachanga vikaongezeka kwa karibu asilimia 8. Ulinganisho huo uliwezekana kwa kuwa kulikuwa na kumbukumbu za mahali ugonjwa ulipofika na mwaka ulipofika.

Hapa kwetu, chukua biashara ya ubuyu. Ua la mbuyu huchanua usiku, na katika Afrika Mashariki popo walao matunda ni wachavushaji wake muhimu. Mbuyu huishi mamia ya miaka. Popo wakitoweka, mnunuzi ataendelea kuuona mti umesimama, asijue kwamba maua yanaanguka bila kutunga. Atakapogundua kwamba magunia yamepungua, tatizo litakuwa na miaka kadhaa. Na kwa kuwa popo wengi huzaa mtoto mmoja tu kwa uzazi, pengo halizibiki upesi.

Kisiwa cha Pemba kinaonyesha faida ya kuhesabu. Popo mkubwa wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani, aliwindwa kwa ajili ya kitoweo na miti yake ikakatwa, hata mwaka 1996 akaorodheshwa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Vijiji vikaanza kulinda miti wanamolala. Baada ya miaka kumi na ushei, makadirio yalivuka popo 20,000. Leo wageni hulipa kiingilio kwenda kuwatazama Kidike. Bila hesabu ya mwanzo na ya baadaye, hakuna ambaye angethubutu kusema kwamba juhudi zile zimelipa.

Kazi yenyewe haina gharama kubwa. Watu husimama karibu na mti au pango kabla ya magharibi, wakahesabu popo wanaporuka kutoka. Lakini, kama ilivyo kwa bei, hesabu ya siku moja haitoshi. Lazima irudiwe mahali pale pale na msimu ule ule kila mwaka. Tena makazi mengi yahesabiwe kwa pamoja, kwani popo walioongezeka hapa huenda wamefukuzwa kule, kama mali iliyohamishwa kutoka ghala moja kwenda jingine.

Wapo watakaosema popo huleta maradhi. Ni kweli kwamba virusi vya Marburg, vilivyozuka Kagera mwaka 2023, vinahusishwa na popo wa mapangoni. Hiyo ni sababu ya kutowashika, kutowala na kutoingia mapangoni mwao. Si sababu ya kuwaua wala ya kuacha kuwahesabu kwa mbali.

Wanunuzi wakubwa wa ubuyu na vyama vya ushirika hawana budi kutenga fungu dogo kila msimu kwa ajili ya hesabu hii, na matokeo yatangazwe wazi. Mfanyabiashara asiyekubali kukaa mwaka mzima bila kuhesabu mali dukani hana sababu ya kukubali kutojua hali ya wale wanaomletea mali hiyo.