Maji Ukiyavulia Nguo, Unaweza Kuzivaa Tena

Kila tuandikapo insha hatukosi kukumbushwa kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Walimu wetu mnisamehe, leo naipinga methali hiyo. Karibu iniue.

Mwaka jana wakati wa masika tulikuwa tukitoka kucheza kandanda. Mto ulikuwa umefurika na daraja lilikuwa mwendo wa dakika 20. Mmoja wetu akasema ati mwanamume kamili huvuka papo hapo. Nikavua shati. Nilipoyatazama maji yale moyo uliniambia nirudi, lakini wenzangu walikwisha kuanza kupiga makofi, "Ruka! Ruka!" Ningevaaje shati mbele ya macho yao? Niliruka. Mkondo ukanibeba kama jani kavu, na lau si mizizi ya mkuyu, jina langu lingekuwa katika ukurasa wa rambirambi.

Tangu siku hiyo nimependa kusoma habari za watu wanaocheza na maji makali. Huko California, Marekani, katika milima ya Sierra Nevada, kuna tawi la kati la mto Kings. Hakuna barabara ya kufika huko juu. Wanaotaka kuteremka mto huo kwa kayaki, yaani mtumbwi mdogo wa mtu mmoja uliofunikwa juu, hubeba mitumbwi yao mgongoni na kupanda hadi Bishop Pass, mita zipatazo 3,600 juu ya usawa wa bahari. Safari ya miguu hadi mtoni ni kama kilomita 19, na mzigo pamoja na chakula na blanketi huzidi kilo 30. Mnamo 1982 kundi lililokuwa na Royal Robbins, Reg Lake na Doug Tompkins lilipita njia hiyo na kuuteremka mto.

Maji yenyewe ni theluji iliyoyeyuka, na hupita juu ya miamba ya graniti. Penye mwamba laini maji huteleza kama mafuta. Penye mawe yaliyorundikana kuna mianya inayopitisha maji lakini haimpitishi mtu. Akinaswa hapo, kwa heri.

Sasa sikilizeni, maanake hapa ndipo penye funzo. Nani aliyeyavulia maji nguo kuliko mtu aliyebeba mtumbwi kuvuka mlima? Hata hivyo, kabla ya poromoko asilolijua, mpiga kafi mwenye busara hutoka majini, akapanda juu ya jiwe na kutazama. Mwenzake husimama chini na kamba mkononi. Akiona pabaya, huutwika mtumbwi begani na kuzunguka kwa miguu. Wenzake hawamzomei. Kesho huenda ikawa zamu yao.

Je, hao ni waoga? Hasha! Tena ujuzi peke yake si kinga. Doug Tompkins huyo huyo alifariki mwezi wa Desemba 2015, akiwa na miaka 72, baada ya mawimbi kuipindua kayaki yake katika ziwa General Carrera nchini Chile. Aliuawa na baridi ya maji. Ikiwa maji hayakumheshimu fundi kama yeye, yataniheshimu mimi niliyejifunza kuogelea bwawani?

Wengine watasema nataka tuwe watu wa kukaa jikoni. La! Anayetaka maji makali na aende akajifunze, kama wafanyavyo watu huko Sagana katika mto Tana, akiwa na kofia ngumu, jaketi ya kuelea na mwalimu. Ninalopinga ni makofi yetu. Siku ile mto haukunisukuma. Makofi ndiyo yaliyonisukuma. Na kusema kweli, nami nimewahi kuwapigia wengine.

Kwa hivyo nawasihi, hasa ninyi wa kidato cha kwanza: mwenzako akivua shati kisha akasita, usicheke. Mwokotee shati lake, mpe, mwende darajani pamoja. Wahenga hao hao walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mama yangu nusura alie. Heri tucheke sote, tukiwa tumechelewa chakula cha jioni.